Kurudi Kwenye Baiskeli Ukubwani: Mwongozo Kamili wa Kujenga Pumzi na Kumaliza Visingizio

Wengi wanaotaka kurudi kwenye baiskeli wanayo tayari. Iko stoo au imeegemezwa ukuta wa uani, tairi zimelala, mnyororo umeota kutu, na mwenyewe kila akipita anasema wiki ijayo. Hujilaumu kwamba ni mvivu. Mimi siamini kama uvivu ndiyo shida. Ukimkalisha mtu akakueleza vizuri kwa nini haendeshi, chini ya kila kisingizio unakuta kitu cha kushikika: siti iko chini mno na magoti yanauma, tairi halikai na upepo, barabara ya kwenda kazini inatisha, shati litalowa jasho kabla ya kikao cha saa tatu. Mambo haya yana dawa, na nyingi ya dawa hizo ni spana, pampu na saa ya kuamkia.

Kwa hiyo mwongozo huu hauhubiri juu ya nia. Unachukua kizuizi kimoja kimoja na kukiondoa, kwa mpangilio ambao ningempa ndugu yangu aliyeacha baiskeli tangu sekondari, sasa ana kazi ya kukaa kutwa, kitambi kimeanza, na anaishi Dar es Salaam au mji unaofanana nayo kwa joto na msongamano.

Hatua ya kwanza: pima mwili kabla ya kupima barabara

Ukiwa umevuka miaka 40 na umekaa muda mrefu bila mazoezi, au una presha, kisukari, pumu au historia ya moyo kwenu, pita kituo cha afya upimwe presha na sukari kwanza. Ni kazi ya asubuhi moja. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari amuulize daktari wake kuhusu dozi siku za mazoezi, na asitoke bila glukosi au juisi mfukoni, kwa sababu misuli inapofanya kazi hula sukari ya damu na inaweza kushuka ghafla.

Ukiwa barabarani, maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, au kuishiwa pumzi kusikolingana na kasi uliyonayo ni amri ya kushuka na kutafuta msaada. Usijaribu kumalizia njia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inakufikisha 150. Lakini hilo ni lengo la mwezi wa pili au wa tatu. Anayelitaka wiki ya kwanza ndiye anayeirudisha baiskeli stoo wiki ya pili.

Hatua ya pili: baiskeli ipi?

Jibu fupi: uliyonayo, kama fremu haijapasuka wala kupinda. Baiskeli nzito ya Phoenix au Avon isiyo na gia itakujenga pumzi sawasawa na ya bei mbaya, kwa sababu moyo haujui umepanda chapa gani. Itakupa shida kwenye milima tu, na mlimani mtu anaruhusiwa kushuka na kusukuma.

Kama huna, soko la mtumba ndilo la kwanza kutazama. Kariakoo na mitaa mingi ya mjini utakuta baiskeli zilizotoka Japani na Ulaya, nyingine bado zina kikapu, taa ya dinamo na kufuli lake la gurudumu la nyuma. Zile za Kijapani zenye bomba la juu lililoshushwa, ambazo watu huziita za kike, ninazipendekeza kwa wanaume pia. Mtu ambaye nyonga zimekakamaa hahitaji kurusha mguu juu ya siti kila anapopanda, na mwenye gauni, dera au kanzu anaendesha kwa heshima zake bila nguo kunasa. Unakaa wima, unaona mbali, na mgongo haulalamiki.

Ila zina mtego mmoja ambao wauzaji wengi hawakwambii. Ubavuni mwa tairi lake huandikwa 26 x 1 3/8. Tairi la baiskeli ya milimani huandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.1. Zote ni "ishirini na sita", lakini haziingiliani hata kidogo: rimu ya Kijapani ina kipenyo cha milimita 590 mahali tairi linapokaa, ile ya milimani ina 559. Phoenix kubwa ya 28 x 1 1/2 ina 635, na zile nyembamba za mbio zilizoandikwa 700 zina 622. Namba hiyo ya milimita huchapishwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 37-590, na ndiyo ya kumwonyesha muuza vipuri. Kabla ya kulipia baiskeli, muulize fundi wa mtaani kwako kama tairi za namba hiyo anazipata. Baiskeli nzuri isiyo na tairi mjini ni mzigo.

Ukaguzi wa mtumba hauchukui muda. Shika breki ya mbele kwa nguvu, sukuma baiskeli mbele na nyuma: ukisikia inagonga chini ya usukani, gololi au vikombe vyake vimelegea. Kamata gurudumu juu kwenye rimu, litikise kushoto na kulia: likicheza, gololi za hubu, yaani kitovu cha gurudumu, zinahitaji kukazwa au kubadilishwa. Fanya hivyo hivyo kwa krenki, ile mikono inayoshika pedali. Linyanyue gurudumu ulizungushe ukitazama pengo kati ya rimu na raba za breki. Likiyumba kidogo fundi atalinyoosha kwa spoku, likiyumba mpaka linagusa fremu liache. Halafu inama, pitisha vidole kwenye maungio ya fremu, hasa chini ya usukani na karibu na krenki, ukitafuta ufa au rangi iliyokunjamana. Ufa kwenye fremu haujadiliwi. Mengine yote ni bei.

Kimo nacho kitazamwe. Simama ukiwa umeipanda katikati, miguu yote chini: kati ya bomba la juu na wewe pabaki nafasi ya vidole viwili vitatu. Mrefu aliyenunua fremu ya mtoto atainua siti mpaka nguzo yake ipite alama ya mwisho, na nguzo ikipita alama hiyo inaweza kuvunjika au kupasua fremu.

Hatua ya tatu: siku moja kwa fundi

Ipeleke baiskeli siku ya mapumziko na ukae naye. Usiiache. Fundi mzuri wa chini ya mwembe atakufundisha mengi kuliko video, na utakayoyaona siku hiyo yatakuokoa barabarani.

Mwombe haya: tairi na tyubu kama zimekauka na kupasuka pasuka ubavuni, waya na raba za breki zibadilishwe zote mbele na nyuma, maana ni vitu vya bei ndogo vinavyobeba maisha, gololi za magurudumu na za usukani zioshwe zipakwe grisi mpya, spoku zikazwe, mnyororo upimwe. Mnyororo unapimika kwa rula. Kila kipande ni nusu inchi kutoka pini hadi pini, kwa hiyo pini ya 1 hadi ya 25 lazima iwe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo peke yake. Ikizidi kwa moja ya nane, meno ya gia nayo yameshalika na mnyororo mpya utaruka ukikanyaga kwa nguvu, kwa hiyo tarajia kubadilisha vyote.

Kuna desturi moja ya mafundi ambayo naipinga waziwazi, nayo ni kumwagia mnyororo oili chafu iliyotoka kwenye injini ya gari. Ni nzito, imejaa masizi, inashika mchanga, na mchanga ule unasaga mnyororo kama msasa. Nunua chupa ndogo ya mafuta ya cherehani au oili nyepesi safi, tia tone moja kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume, kisha futa kwa kitambaa mpaka nje pawe pakavu. Mafuta yanayofanya kazi ni yale yaliyoingia ndani ya viungo. Yanayong'aa nje yanakusanya vumbi tu.

Angalia pia valvu, pale pa kutilia upepo, kwa sababu pampu hazifanani. Nene kama ya gari hujazwa hata kituo cha mafuta. Ya kizamani yenye pini na kofia ya kuzungusha, iliyo kwenye Phoenix na nyingi za Kijapani, inataka pampu ya mkono ya kawaida. Nyembamba yenye kichwa kidogo cha kufungua iko kwenye baiskeli za mbio. Nunua pampu yako inayoingia kwenye valvu yako, iwe ndani ya nyumba. Kisingizio cha "tairi halina upepo" kinakufa siku hiyo. Kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi nene ya milimani kwa kawaida huchukua kati ya 30 na 50 za PSI, nyembamba ya 700 hufika 80 hadi 100. Tyubu hupoteza upepo zenyewe hata bila pancha, hivyo jaza kila wiki.

Hatua ya nne: rekebisha siti, hapa ndipo wengi wanapopotea

Nikiwa mjini naangalia watu wanavyoendesha, na sehemu kubwa wamekaa chini mno, magoti yanakaribia kugusa usukani. Wanafanya hivyo ili miguu ifike chini wakisimama. Gharama yake inalipwa na goti.

Egemea ukuta, panda, weka kisigino juu ya pedali, zungusha mpaka pedali ifike chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukishapata kimo hicho, endesha ukitumia sehemu pana ya mbele ya wayo, na goti litabaki limekunjwa kidogo tu chini. Ndicho kimo chako. Utahisi uko juu, na ukisimama utagusa ardhi kwa ncha za vidole au utateremka siti kabisa. Hiyo ni kawaida: unapofika kwenye taa, shuka mbele ya siti, mguu mmoja chini. Kama hofu ni kubwa, pandisha siti sentimita moja kila siku chache mpaka ufike.

Mwili utakwambia ulipokosea. Maumivu mbele ya goti mara nyingi humaanisha siti iko chini au unakanyaga gia nzito. Maumivu nyuma ya goti, au nyonga kuyumba kushoto na kulia, humaanisha iko juu. Ganzi mikononi inatokana na uzito mwingi kuegemea viganja, kwa hiyo inua usukani, hakikisha pua ya siti haijainama mbele, na badilisha mkao wa mikono kila baada ya dakika chache.

Makalio yatauma wiki mbili za kwanza. Ni mifupa ya kukalia inazoea, na maumivu yale hupungua ukiendesha siku kidogo kidogo kuliko ukiendesha saa mbili mara moja na kukaa wiki nzima. Siti laini sana kama godoro haisaidii: mifupa inazama na nyama laini inabanwa. Ukihisi ganzi sehemu za siri, usivumilie. Rekebisha mwelekeo wa pua ya siti, inuka juu ya pedali mara kwa mara, na ikiendelea badilisha siti. Nguo ya ndani isiyo na mshono mnene katikati ni msaada mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Jambo dogo la spana, kwa anayefunga pedali mwenyewe kwa spana namba 15: ya kulia hukazwa kwa kuzungusha kama saa, ya kushoto kinyume chake. Wengi wameharibu krenki za kushoto kwa kutolijua hili.

Hatua ya tano: wiki nane za kwanza

Wiki mbili za mwanzo, endesha dakika 20 mara tatu kwa wiki, mahali tambarare, ukiruka siku moja katikati. Dakika 20 tu, hata ukijisikia kuongeza. Moyo na mapafu hurudi mapema, ndani ya wiki chache utaona tofauti, lakini kano na viungo huenda polepole zaidi, na hamasa ya siku ya kwanza ndiyo inayoumiza magoti ya siku ya kumi.

Wiki ya tatu na ya nne, nusu saa mara tatu au nne. Wiki ya tano na ya sita, dakika 30 hadi 40 mara nne, na mojawapo iwe na kilima kidogo. Wiki ya saba na ya nane, weka safari moja ndefu ya saa moja na robo siku ya mapumziko, nyingine zibaki nusu saa. Hapo umevuka dakika 150 kwa wiki. Ukikosa wiki kwa homa au safari, usijaribu kulipa deni. Rudi hatua moja nyuma uendelee.

Kasi ipimwe kwa mdomo. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mwendo wa wastani. Ukiimba, ongeza. Ukikata maneno mawili mawili, punguza. Kipimo hiki ni bora kuliko kuhesabu mapigo kwa mtu anayemeza dawa za presha, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huzuia mapigo yasipande.

Tumia gia nyepesi. Hesabu mguu wa kulia unashuka mara ngapi kwa sekunde 15: ukipata 18 hadi 20, miguu inazunguka kama mara 72 hadi 80 kwa dakika, na hapo magoti yako salama. Waliozoea Phoenix huwa na tabia ya kukanyaga taratibu kwa nguvu nyingi, na tabia hiyo huhama nao hata wakipata baiskeli ya gia 21. Badilisha gia kabla ya kufika kwenye mwinuko, wakati mnyororo bado haujabanwa.

Kwa Dar, kwa kuanzia napendelea Toure Drive kando ya bahari asubuhi ya Jumapili, ambako ni tambarare na wakimbiaji wengi wapo, au barabara za ndani za Kigamboni. Pwani ina upepo wake: kusi katikati ya mwaka, kaskazi kuanzia mwisho wa mwaka hadi karibu na masika. Anza safari ukiukabili upepo ili ukusukume wakati wa kurudi umechoka. Ukianza nao mgongoni utajiona bingwa mpaka utakapogeuka. Vilima vya Pugu viache mpaka wiki nane ziishe.

Hatua ya sita: barabarani

Hapa pana hofu ya kweli na sitaipuuza. Barabara zetu hazikujengwa kwa ajili ya baiskeli, isipokuwa vipande vichache. Mradi wa mwendokasi uliokuja na mabasi yake mwaka 2016 ulijenga njia za watembea kwa miguu na baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro, na ni vizuri kuzitumia, lakini utagawana na bodaboda, meza za biashara na magari yaliyoegeshwa. Njia ya mabasi yenyewe usiingie kamwe, hata ikiwa tupu. Basi linakuja kwa kasi na huna pa kukimbilia.

Chagua njia kwa kuitembea kwanza bila haraka. Njia ya kilomita saba ya mitaa ya ndani ni bora kuliko ya kilomita tano ya barabara kuu. Ipitie Jumapili asubuhi, uone mashimo, mifereji isiyofunikwa, vyuma vya mifereji ambavyo nafasi zake zimeelekea upande wa mwendo na zinameza gurudumu jembamba, na mahali daladala zinapokata ghafla kuingia kituoni.

Kaa upande wa kushoto, lakini usijibane kwenye ukingo wa lami. Acha kama mita moja. Ukijibana, dereva anakupita bila kusogea, na wewe huna pa kukwepa shimo isipokuwa kuanguka mtaroni. Ukipita magari yaliyoegeshwa, acha nafasi ya mlango kufunguka. Daladala likisimama, usilipite kushoto, abiria wanashukia huko. Subiri, au tazama nyuma kisha lipite kulia. Lori au basi likiwasha indiketa ya kushoto, baki nyuma yake. Dereva hakuoni ukiwa ubavuni, na gurudumu la nyuma hukata kona ndani zaidi ya la mbele.

Ishara ya mkono itolewe mapema, na mtazame dereva machoni kwenye makutano. Masikioni pasiwe na kitu. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ziwake asubuhi na jioni, kwa sababu hapa giza huingia upesi jua likishazama. Helmeti ikae bapa, ukingo wake vidole viwili juu ya nyusi, mikanda iunde V chini ya masikio na kidevuni pabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Iliyopasuka au iliyowahi kugonga chini haifai tena hata kama nje ni nzuri, kwa hiyo ya mtumba ikague ndani.

Visingizio vilivyobaki

Jua. Toka saa 12 na nusu asubuhi. Dar jua huchomoza kati ya saa 12 kasoro kidogo na saa 12 na nusu na ushei mwaka mzima, hivyo una karibu saa nzima ya mwanga kabla joto halijakaza. Jioni baada ya saa 11 nako ni kuzuri, ila magari ni mengi.

Jasho kazini. Punguza kasi dakika kumi za mwisho, usifike unahema. Begi lisikae mgongoni, lifunge kwenye kerea, maana mgongo ndio unaolowa kwanza. Shati na viatu vya kazini vipeleke Jumatatu kwa wiki nzima. Ukifika, kaa mahali pa hewa kwa robo saa kabla ya kujifuta na kitaulo kilicholoweshwa na kubadilisha nguo. Ukivaa shati safi mwili ukiwa bado moto, litalowa tena. Usipoweza kabisa, endesha kurudi tu.

Mvua. Masika ya Machi hadi Mei ina siku za kukaa nyumbani, na dimbwi usiloona kina chake linaweza kuficha shimo la goti. Siku hizo fanya kuchuchumaa na kusimama, mizunguko kadhaa, ili mapaja yasilale. Ukilowa, kausha mnyororo na utie mafuta usiku huohuo.

Watu watasema gari limekufa. Watasema, wiki moja. Naona uchungu kwamba tunaona haya kutumia chombo ambacho kule Shinyanga, Tabora na Mwanza kinabeba familia, maziwa na magunia kila siku, na ambacho kilizaa jina bodaboda huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, enzi abiria walipovushwa kwa baiskeli. Salimia watu, pita. Wa kwanza kucheka mara nyingi ndiye wa kwanza kuuliza umenunua wapi.

Usingizi wa asubuhi. Kazi yote ifanyike usiku: upepo umepimwa, chupa imejazwa, nguo ziko juu ya kiti, funguo ya kufuli iko kwenye kiatu. Asubuhi usijiulize kama unajisikia. Ahidi dakika kumi tu, na baada ya hizo kumi una ruhusa ya kurudi.

Wizi. Funga fremu pamoja na gurudumu kwenye chuma kisichong'oka, mahali penye mlinzi, na mjue mlinzi kwa jina. Andika namba iliyogongwa chini ya krenki au kwenye bomba la siti, na upige picha.

Maji, chakula na uzito

Kwa safari isiyozidi saa moja, maji yanatosha. Nusu lita hivi kwa saa, zaidi kukiwa na joto kali. Kabla ya kutoka alfajiri, ndizi moja au kikombe cha uji ni tele. Safari ya saa mbili inataka chakula njiani, na kiazi kitamu cha kuchemsha kilichofungwa kwenye mfuko ni chakula bora kwa kazi hii.

Kuhusu kitambi niseme ukweli. Mtu wa kilo 70 akiendesha mwendo wa wastani hutumia kalori zipatazo 300 hadi 450 kwa saa. Chapati moja yenye mafuta na soda ya chupa ya mililita 350, yenye zaidi ya gramu 30 za sukari, zinakaribia kurudisha zote. Baiskeli itakupa pumzi, usingizi, mapaja na presha iliyotulia mapema kuliko itakavyokupunguzia kilo. Kiuno kitafuata kama sahani nayo imeguswa. Pima kiuno kwa futi ya kitambaa mara moja kwa mwezi, mizani iache.

Pancha, uijue mwenyewe

Beba tyubu ya akiba, vijiti viwili vya kung'olea tairi, viraka, solusheni, msasa na pampu. Toa tyubu, ijaze, iingize kwenye beseni au dimbwi ukiizungusha polepole mpaka uone mapovu. Weka alama, kausha. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka mpaka mng'ao uishe. Paka solusheni nyembamba, kisha subiri. Hapa ndipo wenye haraka wanapoharibu: solusheni isipokauka kiasi cha kutoshika kidole, kiraka kitabanduka njiani. Bandika, gandamiza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni.

Kabla ya kurudisha, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi zima. Mwiba au kigae kilichotoboa bado kimo humo, na usipokitoa utaziba tena baada ya mita mia. Kisha rudisha tairi kwa mikono, si kwa bisibisi, na hakikisha tyubu haijabanwa kati ya tairi na rimu kabla ya kujaza.

Baada ya miezi mitatu

Mwili ukishazoea, ongeza kitu kimoja kwa wakati. Ama urefu: safari ya Jumamosi ipande mpaka saa mbili, kisha tatu. Ama ukali: mara moja kwa wiki, baada ya kupasha mwili dakika kumi, kanyaga kwa nguvu dakika mbili mpaka usiweze kuzungumza, pumzika dakika tatu ukizungusha taratibu, rudia mara nne. Vyote viwili kwa wiki moja ni vingi.

Tafuta wenzako. Karibu kila mji kuna kundi linalotoka wikiendi, na ukiwa na miadi na watu watano saa 12 asubuhi, kulala kunakuwa na aibu yake. Uliza mapema mwendo wao na kama humsubiri wa mwisho. Wasiosubiri waache kwanza.

Ukishamudu saa tatu bila kuumia, Bagamoyo iko kilomita zipatazo 65 kutoka katikati ya Dar. Ondoka alfajiri na wenzako, tyubu mbili za akiba, maji lita mbili, na magari kuanzia Mwenge hadi Tegeta uyapite kabla hayajaamka. Kwa kurudi, panga kabisa gari litakalobeba baiskeli, kwa sababu mchana upepo na jua vitakuwa vimekaza, na mara ya kwanza njia ya kwenda inatosha.